Zakayo Alilipa Mara Nne

Liko swali ambalo Mkristo aliyekaa na majirani Waislamu katika miji ya mwambao, toka Lamu hata Kilwa, hawezi kuliepuka, nalo huulizwa pasipo uadui, aghalabu baada ya chakula, watu wakiwa wametulia barazani: ikiwa nyinyi mwasema kwamba Mungu husamehe bure, pasipo malipo wala amali, ni kitu gani basi kimzuiacho mmoja wenu asiibe leo, akatubu kesho, na keshokutwa akaiba tena? Ni swali la haki. Wala halitokani na ujinga, maana aulizaye naye anaijua rehema. Yeye mwenyewe hulianza kila jambo lake kwa jina la Mwingi wa Rehema, na katika Hadithi amefundishwa kwamba hapana mtu atakayeingizwa Peponi na amali zake, hata Mtume mwenyewe, isipokuwa Mungu amfunike kwa rehema yake. Analotaka kujua ni mahali pa sheria. Na majibu tuyatoayo sisi Wakristo huwa dhaifu, kwa sababu katika mwenendo wa makanisa yetu tumelipindua jambo lenyewe chini juu: mnyonge tumemtangulizia sheria, na mwenye nguvu tumempa neema isiyomdai kitu, hata jirani atutazamapo haoni kwetu sheria iliyo sheria wala neema iliyo neema.

Na tuanze pale sheria ilipotolewa. Wana wa Israeli walifika mbele ya mlima wa Sinai katika mwezi wa tatu tangu kutoka Misri. Bahari walikuwa wamekwisha kuivuka, mana walikuwa wamekwisha kuila, na Farao aliyewatumikisha kwa matofali na chokaa alikuwa amekwisha kushindwa. Na katika wokovu huo hapana hata mtu mmoja aliyepimwa mwenendo wake kwanza ndipo afunguliwe minyororo. Waliokuwa wacha Mungu walivuka, na wanung'unikaji walivuka pamoja nao. Ndipo baada ya hayo yote, walipokuwa watu huru wamesimama chini ya mlima, sauti ikasemwa; na neno la kwanza la sauti ile halikuwa amri, bali lilikuwa ukumbusho wa nani anayesema na jambo gani alilokwisha kuwatendea. Katika mabango mengi ya Amri Kumi yanayotundikwa kutani mwa makanisa na mashule yetu neno hilo la kwanza huachwa, mchoraji akaanza moja kwa moja na makatazo, na mtoto anayejifunza kusoma mbele ya bango lile hukua akidhani kwamba Mungu alianza mazungumzo yake na wanadamu kwa kukataza.

Mtume Paulo, aliyeisomea Torati miguuni pa Gamalieli na ambaye hapana awezaye kumshutumu kuwa hakuijua, alijenga hoja yake juu ya hesabu ya miaka. Aliwaandikia Wagalatia kwamba ahadi aliyopewa Ibrahimu iliitangulia Torati kwa miaka 430, na kwamba agano likiisha kuthibitishwa haliwezi kubatilishwa na jambo lililokuja nyuma yake. Katika waraka kwa Warumi akaongeza hoja nyingine ya namna ile ile: Ibrahimu alihesabiwa haki kabla hajatahiriwa, maana habari ya imani yake imeandikwa katika sura ya 15 ya Mwanzo, na habari ya kutahiriwa kwake katika sura ya 17, alipokuwa mzee wa miaka 99. Kwa Paulo utaratibu wa mambo ndio uliokuwa hoja yenyewe. Hakusema kwamba sheria ni mbaya. Alisema kwamba haikuwa ya kwanza, na kwamba anayeifanya kuwa ya kwanza ameibebesha kazi isiyoweza, kwa kuwa yaweza kumwambia mtu lililo jema lakini haiwezi kumpa moyo wa kulitenda.

Wala nisifahamike kuwa naidharau. Zaburi iliyo ndefu kuliko zote, ile ya 119 yenye aya 176, toka mwanzo hata mwisho ni sifa za sheria ya Mungu, na aliyeitunga hakuwa mtumwa anayelamba mkono unaompiga. Alikuwa mtu aliyependa. Nabii Yeremia alipotabiri agano jipya hakusema kwamba sheria itaondolewa, alisema itaandikwa mioyoni. Na Bwana Yesu mwenyewe katika mahubiri ya mlimani alitangaza kuwa hakuja kuitangua Torati, kisha akaizidisha makali, akayahukumu hata matamanio na hasira ambazo hapana kadhi duniani awezaye kuzifungulia mashitaka.

Lakini mimi nikitakiwa nionyeshe mahali pamoja ambapo neema na sheria zimekutana waziwazi, mbele ya kadamnasi, kwa namna ambayo hata mtu asiyejua kusoma aweza kuifahamu, sitakwenda katika nyaraka za Paulo, nitakwenda Yeriko, katika sura ya 19 ya Injili ya Luka. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, na watoza ushuru wa zama zile, waliokusanya kwa ajili ya Warumi na kujipatia riziki yao kwa ziada waliyomtoza mtu juu ya kiwango, walichukiwa na Wayahudi wenzao kama wasaliti na wezi kwa pamoja. Mtu huyu alipanda mkuyu apate kumwona Yesu akipita. Yesu akasimama, akamwita kwa jina, akamwambia ashuke upesi kwa kuwa leo atashinda nyumbani kwake. Wala hakumwuliza kiasi alichoiba, wala hakumtaka atubu kwanza, wala hakuweka sharti lolote mlangoni. Watu wakanung'unika, na kwa kipimo cha kawaida walikuwa na haki ya kunung'unika, maana miongoni mwao bila shaka walikuwamo waliodhulumiwa na mtu yule.

Na tazama lililotokea. Zakayo akasimama, akasema kwamba nusu ya mali yake atawapa maskini, na ye yote aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Wengi husoma maneno haya kama mtu asikiaye ukarimu tu, wakapita. Lakini mara nne ile haikutoka hewani. Torati, katika kitabu cha Hesabu sura ya 5, ilimtaka mtu aliyeungama dhuluma yake kwa hiari arudishe alichotwaa na kuongeza sehemu moja ya tano. Katika Kutoka sura ya 22 imeandikwa hukumu nyingine iliyo kali zaidi: mwizi aliyemwiba kondoo akamchinja au akamwuza, huyo atalipa kondoo wanne kwa mmoja. Basi fanya hesabu. Kama Zakayo alimdhulumu mtu dinari mia, yeye aliyeungama mwenyewe pasipo kushitakiwa alitakiwa na sheria kurudisha mia na ishirini. Naye akatamka mia nne. Alivipita vifungu vilivyomhurumia, akakitafuta kilicho kigumu zaidi, kile cha mwizi aliyekwisha kumla kondoo wa watu, akajihukumu kwacho. Hapana mzee wa sinagogi aliyeweza kumpatia hukumu hiyo, wala askari wa Kirumi, wala makelele ya jirani zake. Aliyeweza ni mgeni aliyeingia nyumbani mwake bila kumdai. Hilo ndilo jibu langu kwa swali la barazani, na kila nisemalo baada ya hapa latoka humo: pale neema inapotangulia, sheria hupata zaidi ya ilivyodai, na pale sheria inapowekwa mlangoni mwa neema, mwisho wake watu huivunja hata hiyo sheria.

Karne zilizofuata zilijaa ugomvi juu ya jambo hili, na mwingi wake sina haja ya kuurudia. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alishindana na Pelagio aliyefundisha kwamba mwanadamu aweza kwa nguvu zake kuzishika amri za Mungu, na mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ukayakataa mafundisho ya Pelagio. Ugomvi unaotugusa zaidi ni ule wa Wittenberg, uliozuka mwaka 1537, wakati Johann Agricola, rafiki na mwanafunzi wa Martin Luther, alipoanza kufundisha kwamba mahali pa Amri Kumi ni katika baraza la serikali, si katika mimbara, na kwamba toba yapasa itokane na Injili peke yake. Luther, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa ametukanwa kuwa ameyafuta matendo mema, angaliweza kumnyamazia. Badala yake alimpinga kwa ukali, na mwaka 1539 akaandika kitabu dhidi ya wenye rai hiyo, kwa hoja kwamba mtu asiyejua kuwa ana deni hawezi kuonja utamu wa kuachiliwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo vijana wa Kilutheri wa Tanzania huisoma hadi leo kabla ya Kipaimara, Luther aliziweka Amri Kumi mwanzo kabisa, kabla ya Imani na Sala ya Bwana. Alitaka mtu apimwe kwanza, ajue ugonjwa wake, maana kipimo cha daktari huonyesha homa ingawa hakiishushi. Miaka 34 baadaye, mwaka 1563, Wareformed wa Heidelberg walitoa katekisimo yao, wakaigawa katika sehemu tatu, ya taabu ya mwanadamu, ya ukombozi wake, na ya shukrani, na Amri Kumi wakazifafanua katika hiyo sehemu ya mwisho, kuwa ndiyo njia ya mtu aliyekwisha kukombolewa kumshukuru Mungu wake. Nazistahi zote mbili, lakini moyo wangu waelekea Heidelberg, kwa kuwa nimeona yaliyotupata sisi tulioupokea mwanzo wa Katekisimo ya Luther pasipo kuufikisha moyoni mwisho wake. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja lenye kukiri kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa stahili yake, na kwamba matendo mema hufuata kama matunda. Ugomvi wa karibu miaka mia tano ukapata suluhu kwenye karatasi. Katika vikao vya wazee wa sharika zetu suluhu hiyo bado haijafika.

Ukristo wa pwani yetu ulianza vizuri. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale Mkunazini, penye soko lile. Watu waliokombolewa katika majahazi walipewa makao Mbweni, na upande wa Mombasa wakapewa Freretown, katika nchi ya Kisauni. Nao walifunguliwa kwanza, ndipo wakafundishwa, kama ilivyokuwa kwa wana wa Israeli. Lakini haukupita muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 habari za mijeledi na vifungo alivyowatesa navyo msimamizi wa Freretown zilimfikia balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, naye akaziangalia, na wenye misheni wakapata fedheha. Watu waliotolewa chini ya mjeledi wa mfanya biashara ya watumwa wakakutana na mjeledi mwingine chini ya kengele ya kanisa, ile iliyoliachia jina mtaa wa Kengeleni. Najua kwamba wamisionari wengi wa zama zile waliwapenda watu wale na kufa kwa homa kwa ajili yao, wala siandiki haya ili kuwahizi. Naandika kwa kuwa hofu iliyowashika ndiyo hofu yetu: hofu ya kwamba mtu aliyefunguliwa bure ataharibika asipochungwa kwa fimbo.

Jambo lililowaumiza watu wengi zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, lilikuwa ndoa za wake wengi. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, mjini London, waliamua kwa kura 83 dhidi ya 21 kwamba mwanamume mwenye wake zaidi ya mmoja asibatizwe, bali awekwe katika mafundisho mpaka atakapokuwa katika hali ya kuipokea sheria ya Kristo. Wake zake waliweza kubatizwa mahali pengine, kwa hiari ya wakuu wa mahali hapo. Hoja yao haikuwa ya upuuzi. Walitaka kuilinda ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, ambayo mimi nami naiamini kuwa ndiyo ndoa ya Kikristo. Lakini mtazame mtu aliyezaliwa na kuoa kwa desturi za wazee wake, akatoa mahari kwa halali, akazaa na wake zake, kisha uzeeni akaisikia Injili na kuiamini: huyu aliambiwa kwamba kabla hajapokewa na Kristo ni lazima avunje nyumba yake. Alichagua mke mmoja, na wengine akawaondoa. Ni nani aliyewapokea hao? Walirudi kwa kaka zao wasiowataka, au walikaa pembeni ya kijiji bila mume wala heshima, na watoto wao wakaitwa majina. Torati yakataza kumtesa mjane na yatima, tena kwa ghadhabu kubwa, katika sura ile ile ya Kutoka yenye habari za kondoo wanne. Na hapa wajane na mayatima walifanywa kwa amri, waume na baba zao wakiwa hai, kwa jina la sheria ya Mungu. Waume waliokataa kuwafukuza wake zao, ambao kwa hukumu yangu walikuwa na insafu kuliko waliokubali, walikaa miaka mingi kwenye mabao ya nyuma pamoja na wanafunzi wa ubatizo, na wengine wakabatizwa kitandani pa mauti.

Alikuwapo mtu aliyelisema jambo hili mapema. John William Colenso, askofu wa Natal katika Afrika ya Kusini, aliandika mwaka 1855 kwamba kumlazimisha mtu kuwafukuza wake aliowaoa kwa halali ya kwao ni dhuluma isiyoweza kuwa sharti la ubatizo. Hakusikilizwa, na kwa kuwa baadaye alishitakiwa uzushi kwa mambo mengine, ilikuwa rahisi kuitupa na rai yake hii pamoja na zile nyingine. Ikapita miaka mia moja kamili baada ya azimio la 1888. Mwaka 1988, katika mkutano wa Lambeth, maaskofu wa Afrika wakiwa sasa ni wengi na Askofu David Gitari wa Kenya akiwa miongoni mwa waliolipigania jambo hilo, ikaamuliwa kwamba mtu wa namna hiyo aweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake waaminio, kwa ahadi ya kutooa tena maadamu wake aliokuwa nao alipoamini wangali hai, wala asishurutishwe kuwaacha, kwa sababu ya madhara yatakayowapata. Tazama jinsi sheria ilivyowekwa mahali pake: haikufutwa, maana ahadi ya kutooa tena ni sheria, na ni nzito, lakini imekuja baada ya mlango kufunguliwa. Vizazi vitatu vya wanawake walikuwa wamelipa gharama ya kukawia kwetu, na sijapata kusikia kwamba kanisa lolote limewaomba radhi.

Wakati huo huo, watu wa kwetu walikuwa wamekwisha kuliona jibu kwa macho yao. Uamsho ulioanzia Gahini, katika Rwanda, na Uganda, baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana Namirembe mwaka 1929, uliposambaa hadi Bukoba, Dodoma na milima ya Kenya, ulijulikana kwa nyimbo zake na kwa maungamo ya hadharani. Lakini ulijulikana vile vile, hata kwa watu wasioupenda, kwa kurudisha mali. Watu walioguswa na damu ya Yesu, kama walivyosema wenyewe, walirudisha ng'ombe, majembe, nguo na fedha kwa majirani na kwa mabwana zao, mambo ambayo hapana aliyewashitaki nayo na ambayo wenyewe wengine walikwisha kuyasahau. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mwaka 1977 katika mkutano wa Dar es Salaam kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, wa kwanza kutoka Afrika, alikuwa mtoto wa uamsho huo. Naye Mwislamu wa barazani aliyeuliza swali lake, angalimwona jirani yake anarudi na jembe aliloliiba, angalipata jibu lililo bora kuliko hotuba.

Hata hivyo uamsho nao haukusalimika. Kadiri miaka ilivyopita, ndugu waliokuwa wakiulizana habari za kutembea nuruni walianza kuulizana habari za mshono wa gauni na namna ya kusuka nywele, na katika Uganda kundi moja likajitenga na wenzao, pamoja na mambo mengine, kwa sababu ya kukataza kukopa fedha. Ilikuwa ni kengele ya Freretown ikilia tena, safari hii mikononi mwa Waafrika wenyewe.

Na leo? Nenda katika usharika wowote, wa mjini au wa shambani, ukaulize ni nani waliotengwa na Meza ya Bwana. Utaonyeshwa binti aliyepata mimba kabla ya ndoa. Ameitwa mbele ya baraza la wazee, ameandikwa katika daftari, ameondolewa katika kwaya, na akitaka kurudi kundini sharti asimame mbele ya watu wote Jumapili moja, hali mwanawe akingoja ubatizo mpaka mama amalize adhabu yake. Ukiuliza habari za mwanamume, wazee watatazamana. Aghalabu anajulikana, pengine ni yeye apitaye na kapu la sadaka. Wale waliomleta mwanamke mbele ya Yesu katika sura ya 8 ya Yohana wakisema kwamba amefumaniwa katika zinaa, na kwamba Musa ameamuru apigwe mawe, walifanya jambo hilo hilo, maana Walawi sura ya 20 na Kumbukumbu la Torati sura ya 22 zaamuru wazi kwamba mwanamume na mwanamke wahukumiwe pamoja, na mtu aliyefumaniwa hakufumaniwa peke yake. Walisimama na mawe mikononi kwa kuitetea sheria waliyokuwa wamekwisha kuivunja njiani wakija. Yesu hakumwambia mwanamke yule kwamba hakuna dhambi. Alimwambia aende asitende tena, lakini alisema hivyo baada ya kumwondolea hukumu, na ninaomba kila mzee wa kanisa ausome utaratibu huo wa maneno polepole, asiupindue.

Uko ubaya mwingine, nao wanitia uchungu zaidi. Mtu amekufa, wafiwa wanakwenda kwa wakuu wa kanisa, na kabla hata pole haijakwisha kutamkwa, daftari linafunguliwa ili ionekane kama marehemu alilipa ahadi yake, kama alihudhuria jumuiya, kama zaka za miaka miwili zimepokewa. Kama sivyo, hapana kengele, hapana ibada, hapana mchungaji kaburini. Mimi sijui sheria yoyote ya Mungu, katika Agano la Kale wala Jipya, iliyofanya maziko kuwa ni bidhaa yenye stakabadhi. Tobiti, katika kitabu ambacho ndugu zetu Wakatoliki wanakihesabu katika Biblia, alihatarisha maisha yake kwa kuwazika maiti wa taifa lake waliotupwa nje ya ukuta, wala hakuuliza walilipa nini. Mjane anayerudi nyumbani bila mtu wa kumzika mumewe hawezi kusikia tena neno neema pasipo kuona daftari.

Kisha Jumapili ifuatayo, katika kanisa lile lile, yuaja mheshimiwa na msafara wake kutoa shukrani. Amejenga ghorofa ambazo mshahara wake wa miaka arobaini usingezijenga; barabara iliyotengewa fedha katika wilaya yake haionekani; dawa za zahanati zimekwisha. Anakalishwa mbele, anapewa nafasi ya kusalimu, anatoa bahasha, kanisa linashangilia, naye anaombewa. Hapana anayemtaka arudishe hata ile sehemu moja ya tano. Huyu amepewa neema gani? Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani aliyenyongwa na Wanazi tarehe 9 Aprili 1945, aliliandikia kanisa lake mwaka 1937 kwamba neema inayouzwa rahisi ndiyo adui yake mkubwa, na maneno yake yatufaa zaidi kuliko yalivyowafaa wenzake. Katika nyumba ya Zakayo mali ilitoka ikawarudia waliodhulumiwa. Hapa fungu dogo la mali ya wadhulumiwa laingia kanisani ili lililobaki lipate baraka. Kwa sababu hiyo nilifurahi sana, mwezi Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipozikataa fedha zilizotolewa kanisani na Rais na wakuu wengine wa siasa. Sikufurahi kwa ajili ya siasa. Nilifurahi kwa sababu kwa mara moja mwenye nguvu aliambiwa kwamba madhabahu haina bei, na katika kuambiwa hivyo alifanyiwa fadhili kubwa kuliko makofi yote.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba nidhamu ya kanisa ikilegezwa kwa wanyonge, usharika utakuwa soko. Na atakayenijibu hivyo atafungua Wakorintho wa Kwanza, sura ya 5, ambapo Paulo aliwaamuru wamtoe miongoni mwao mtu aliyekaa na mke wa baba yake. Naikubali sura hiyo. Nidhamu iko, nami siitaki iondolewe. Nataka imfikie baba wa mtoto kama inavyomfikia mama, na mheshimiwa kama inavyomfikia mkulima. Lakini Paulo aliwaandikia watu wale wale waraka wa pili, na katika sura yake ya 2 amemtaja mtu aliyeadhibiwa na wengi wao, ambaye wafasiri wengi wa zamani walimhesabu kuwa ndiye yule yule, akawasihi kwamba adhabu aliyoipata yatosha, kwamba sasa wamsamehe na kumfariji na kumthibitishia upendo wao, asije akamezwa na huzuni yake. Waraka wa kwanza husomwa mara nyingi katika vikao vya wazee. Huo wa pili, wako watu katika sharika zetu wanaoungoja tangu walipokuwa vijana, nao sasa wana wajukuu, na kila Jumapili ya Chakula cha Bwana hutoka nje kabla mikate haijafunuliwa. Na wenye mamlaka ya kuwaandikia ni wazee wale wale waliowatoa, ambao majina yao yamo katika daftari hilo hilo, na ambao kikao chao kijacho kimekwisha kupangiwa tarehe.